Sufuria Mia na Sitini na Tatu za Letisia

Letisia alizikwa Jumanne. Jumatano asubuhi, waombolezaji wakiwa bado uani, mumewe Akonaay alilikokota lile dishi mpaka nyuma ya zizi, akalilaza kifudifudi kwenye tope la ng'ombe.

"Mzee, hilo si la kulaza chini," Margwe, jirani yake, alimwambia. "Litakwaruzika."

"Na likwaruzike."

Akonaay hakuwa mtu wa kurudia neno. Shule hakuingia hata siku moja. Wenzake walipopelekwa kwa mapadri kusoma, yeye alibaki kijijini Nambis na ng'ombe wa baba yake. Akawa mtu mzima, akalima, akamwoa Letisia, wakakaa pamoja miaka arobaini na mmoja. Naye Letisia hakusoma. Hawakuzungumza sana. Mmoja akikohoa, mwingine alijua kama ni baridi au ni hasira.

Ila miaka ya mwisho Letisia alikohoa kwa sababu nyingine.

Dishi lile halikuwa la televisheni, ingawa Margwe alipoliona mara ya kwanza alisimama njiani akapiga kelele: "Akonaay umefunga dishi! Jioni tunakuja kuona mpira!" Siku zile baa za Mbulu mjini ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kufunga madishi, na watu walitoka vijijini kwenda kuyakodolea macho. Hili lilikuwa jiko. Lililetwa na Urban, kijana wa Mbeya, mtafiti wa chuo, mwaka ule ule Mbulu na Hanang zilipotolewa Arusha zikawekwa katika mkoa mpya wa Manyara. Watu walikuwa bado wanasema "naenda mkoani" huku wakipanda gari la Arusha.

Urban alileta madishi kumi na mawili. Manne yalibandikwa vipande vya kioo, manne bati la alumini lililong'arishwa, na manne karatasi ya fedha kama ile ya ndani ya pakiti ya sigara. Kila dishi lilikuwa na upana wa mtu aliyenyoosha mikono. Kazi yake ilikuwa kulipokea jua lote na kulirusha mahali pamoja, kwenye duara la chuma linaloshika sufuria. Siku ya kuonyesha, Urban alichukua kijiti kikavu akakishika pale katikati. Hata kumi hakufika kuhesabu, kijiti kikafuka moshi. Wanawake wakarudi nyuma, wakacheka kwa hofu.

Kijana alitaka kujua mambo mawili. Kwanza, ni uso gani kati ya zile tatu utadumu kwenye vumbi na ukungu wa Mbulu. Pili, kama mama anayepikia jua atapona kifua. Kwa hiyo alipeleka madishi kwenye nyumba ambazo nesi wa zahanati alimwambia mama wa pale anakohoa.

Marieta, mke wa Margwe, alipata la alumini. Akalisugua kwa majivu, kama anavyosugua sufuria zake. Wiki tatu tu, likafanana na bati la choo. Urban alilitazama kama mtu aliyeonyeshwa mzoga wa ng'ombe wake.

Letisia naye alipewa la alumini. Yeye alilifuta kwa kipande cha kanga na maji matupu. Mpaka anakufa, ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele.

Siku ya kwanza Letisia alipika maharage. Aliliweka dishi uani, mbele ya nyumba, kwa sababu nyuma palikuwa na kilima na mikaratusi, na jua lilifika pale kwa kuiba. Mbele ndipo penye njia ya kwenda mnadani. Na siku ile ilikuwa ya mnada.

Huko kwao, chakula hupikwa ndani. Sufuria iliyo ndani ni ya wenye nyumba. Sufuria iliyoonwa na mpita njia, mpita njia naye ana haki yake. Ukimwacha apite na njaa, habari zako zitafika mnadani kabla yake. Mtu wa kwanza alisalimia, akakaribishwa. Wa pili akasalimia. Maharage yalipoiva walikuwa watu saba wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, na Margwe akiwa mmoja wao. Akonaay alirudi kutoka shambani akakuta mwiko.

"Chakula kiko wapi?"

"Wamekula," Letisia alisema, akacheka kidogo. Kicheko kikageuka kikohozi.

"Chakula cha nyumba hii hakitapikwa tena mbele za watu."

"Nikihamishia nyuma, jua halifiki."

"Basi chemsha maji. Maji hayana wageni."

"Na moshi, baba Modest? Nesi alisema moshi ndio unanimaliza."

"Moshi ulimlea mama yangu."

Tangu siku ile, kila jua lilipowaka, Letisia alichemsha maji. Makande, ugali na mboga alivipikia ndani, kwenye mafiga matatu, ndani ya nyumba yenye dirisha la ukubwa wa kitabu. Kwa kila sufuria ya uani alichora mstari wa mkaa ukutani, kama alivyoagizwa.

Kila mwisho wa mwezi Urban alikuja na daftari, akahesabu mistari. Mwezi wa kwanza aliuliza, "Mama, umepika nini zaidi?"

Letisia alimtazama mumewe.

"Makande," Akonaay alisema.

Hakutaka kijana wa Mbeya ajue kwamba mwenye nyumba ile anaogopa kulisha watu. Ndiyo sababu yote, hakuna nyingine. Urban akaandika makande. Mwezi wa pili makande, wa tatu makande. Akafurahi sana. "Mzee, mkeo ndiye namba moja Nambis nzima. Ningekuwa na kumi kama yeye!" Letisia alikuwa anatazama chini.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, Letisia alipelekwa hospitali amelazwa kwenye tela la trekta la jirani. Hakurudi akiwa hai. Ukutani kulikuwa na mistari mia na sitini na mitatu.

Mwezi wa tano, Modest, mtoto wao, aliyekuwa machimboni Mererani, alimtuma mkewe Evaline aje amtunze baba yake. Evaline alitoka Gehandu, mwanamke mrefu, mwepesi wa mkono na wa mdomo. Alikuwa na pumu. Siku ya kwanza alipowasha moto kwenye mafiga ya Letisia, alitoka nje kwa magoti, akashika kizingiti, pumzi ikipiga mluzi kifuani kama kuku anayekabwa.

Akonaay aliusikia ule mluzi. Aliinuka akaenda kwa ng'ombe.

Mvua zilipokatika, Evaline aliliona dishi nyuma ya zizi. Alililowesha, akatoa tope kwa kucha, akalifuta. Lilikuwa na mikwaruzo upande mmoja, lakini kwingine liling'aa. Akalisimamisha uani, akaweka sufuria ya makande tangu saa nne, akawa analigeuza kidogo kidogo kulifuata jua. Hakuna moshi. Aliimba. Watu wa Nambis hawakuwa wamemsikia akiimba.

Saa saba Akonaay aliingia uani. Watu wawili walikuwa wamekwishasimama njiani, wanasalimia kwa sauti ndefu. Akonaay hakuwatazama. Alishika sufuria kwa koti lake, akaimwaga. Mahindi na maharage yakatawanyika mavumbini, kuku wakaja mbio.

"Baba!"

"Pika ndani."

"Ndani nakufa!"

"Pika ndani, nimesema."

"Mama alipika hapa!" Evaline akaelekeza kidole ukutani. "Mistari hii ya nani? Wewe mwenyewe umeandikisha makande, kijiji kizima kinajua! Mama apike miezi minane, mimi siku moja tu unamwagia kuku? Mimi nimekukosea nini?"

Akonaay aliiweka sufuria tupu chini. Wale wawili wa njiani wakaendelea na safari yao, wanageuka nyuma.

Tangu hapo walikaa kama paka na mbwa waliofungiwa stoo moja. Evaline alimwekea chakula kwenye kigoda, akageuka bila kusema karibu. Akonaay alikula bila kusema asante. Kupitia ukutani alisikia ule mluzi, asubuhi na jioni.

Mwezi wa saba Urban alirudi, safari hii na gari la mradi.

"Shikamoo, mzee."

Akonaay alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuitikia.

"Shikamoo, mzee," Urban alirudia, akainama zaidi. "Pole sana kwa mama."

Mzee aliendelea kupukuchua. Huko, shikamoo isiyoitikiwa ni zaidi ya kofi. Hata dereva aliangalia pembeni. Evaline ndiye aliyeleta kigoda.

"Sitakaa, dada. Nimekuja kutangaza mkutano. Ijumaa, kwenye ghala la ushirika. Tunasoma matokeo na kukusanya madishi."

"Kukusanya?" Evaline aliuliza. "Kwa nini?"

"Hayakusaidia vifua. Mimi mwenyewe nilikuwa na matumaini, lakini namba ndizo hizo. Katika nyumba kumi na mbili, nane mama anakohoa vilevile. Na mama yetu hapa..." Alilitazama dishi. "Alilitumia kuliko wote, na kifua ndicho kilichomwondoa. Wafadhili wanasema, kama halikumsaidia yeye, litamsaidia nani? Yanakwenda mkoa mwingine, kukaushia mboga."

"Niachie moja. Hili hapa. Mimi nina pumu."

"Si langu, dada. Na kama namba zinasema halisaidii, nikuachie la nini?"

"Ondoka," Akonaay alisema.

"Mzee, mimi nilimpenda mama kama..."

"Ondoka kwangu! Ulikuja na mavioo yako, ukampa mke wangu matumaini. Ondoka!" Akatupa gunzi. Likampiga Urban begani. Kijana alilifuta vumbi begani, akapanda gari.

Evaline alibaki ameshika kigoda. "Unamfukuza," alisema taratibu, "na keshokutwa analichukua. Modest akija kunizika, utamwambia nilikuwa napika makande?"

Akonaay alipukuchua mahindi mpaka vidole vikachubuka.

Ghala la ushirika lilikuwa tupu. Zamani pareto ya Nambis nzima ilipimwa mle. Soko lilipoachiwa huria, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, wakanunua miaka miwili, wakapotea, na ushirika nao ukafa. Ijumaa ile asubuhi watu walikaa juu ya magunia na makreti, wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili. Madishi kumi na moja yalikuwa yamekwishapangwa mlangoni, uso kwa uso. La kumi na mbili, Evaline alikuwa amelikalia.

Urban alisoma. Karatasi ya fedha ilichanika mapema. Kioo kilifaa lakini ni kizito, na kikidondoka ndio basi. Bati la alumini lilifaa kuliko vyote, kama halikusuguliwa kwa majivu. Hapo watu walimtazama Marieta, wakacheka.

"Mlisema lisiwe chafu!" Marieta alijibu.

"Kuhusu vifua," Urban aliendelea, "utafiti haukuona faida. Kwa mfano marehemu mama Letisia Akonaay, sufuria mia na sitini na tatu, makande..."

"Futa," Akonaay alisema.

Alikuwa amesimama karibu na mlango. Kofia ilikuwa mkononi.

"Nifute nini, mzee?"

"Makande. Yalikuwa maji."

Urban alifunua kurasa, kana kwamba maji yangeonekana mle. "Mia na sitini na tatu zote?"

"Ya kwanza maharage. Yakaliwa na watu, Margwe yumo. Mia na sitini na mbili, maji."

"Na chakula alipikia wapi?"

"Ndani. Kwenye mafiga."

"Kwenye moshi? Muda wote huo?"

"Ndiyo."

"Lakini ulinitazama machoni ukaniambia..."

"Nilikudanganya."

"Mama ndiye aliyekataa kupikia nje?"

Akonaay aliikunja kofia. "Yeye alitaka. Nilimkataza mimi."

Evaline aliinuka kutoka kwenye dishi.

"Huyu ana msiba," Margwe alisema kwa sauti. "Msimsikilize. Msiba unapanda kichwani. Mtu mzima gani anatoa siri za jiko lake mbele ya wageni?"

"Na mimi maji," Marieta alisema.

"Wewe kaa chini!"

"Nimekaa miaka thelathini. Maji, bwana mtafiti. Huyu naye alinikataza. Alisema yeye alikula kwa Akonaay bure, sasa hataki Akonaay aje kula kwake."

Ghala lilipasuka kwa vicheko na matusi. Mwanamke mwingine akasimama. Maji. Wa nyuma yake: maji, na mara moja mayai. Wa tatu aliapa kwamba ni maharage, mumewe akamwambia acha uongo. Walipomaliza, nyumba nane kati ya kumi na mbili zilikuwa zimechemsha maji. Zile nne zilizobaki zilikuwa juu kabisa, mbali na njia. Urban alifunua daftari. Tatu kati ya hizo ndizo zile ambazo mama alikuwa ameacha kukohoa.

Kijana alikaa juu ya kreti. Halafu akasimama tena, na sauti yake haikuwa ya mtu anayewaheshimu wazee.

"Nimelala kwenye nyumba zenu! Nimekula kwenu! Kila mwezi nauliza, kila mwezi mnanitazama hivi, makande, makande! Nilikuwa napeleka uongo huu Dar es Salaam kwa basi, nimeukumbatia kama mtoto! Mlikuwa mnamficha nani? Mimi?"

"Tulikuwa tunaficha sufuria," mtu alisema. Hakuna aliyecheka.

"Sufuria!" Urban alimgeukia Akonaay. "Mzee, ungeniambia mwezi ule wa kwanza. Neno moja tu, kwamba watu wa njiani wanaona. Ningekuzungushia ua wa mabua, urefu wa kifua. Jua linatoka juu, mzee! Linapita juu ya ua! Mpita njia haoni kitu. Ni kazi ya mchana mmoja!"

Akonaay aliipokea ile kauli akiwa amesimama. Watu waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba alitikisika kidogo, kama mti uliopigwa shoka la kwanza.

Miaka yote alijua kusuka ua wa mabua. Kila mtu Nambis alijua.

"Andika," alisema mwishowe. "Andika maji. Na aliyekataza, andika jina lake."

"Haina haja, mzee."

"Andika. Akonaay. Mume wake."

Urban aliandika. Mkono wake ulikuwa na hasira, kalamu ikatoboa karatasi. Kisha alifunga daftari. "Madishi yanabaki," aliwaambia wote. "Siwezi kupeleka matokeo haya. Tunaanza upya, na safari hii nitakuja bila kutoa taarifa, na nitalamba mwiko."

Nje, Margwe alimsubiri Akonaay njiani. "Umetuvua nguo. Wake zetu wamesimama mbele ya kijana mdogo wakatutukana. Usikanyage kwangu."

"Sikanyagi."

"Hata ng'ombe wako akiingia shambani kwangu, nitamkata mkia."

"Kata."

Evaline alitangulia, amebeba dishi mgongoni kwa kamba. Akonaay aliomba ambebee. Evaline hakugeuka. Walitembea hivyo mpaka nyumbani, yeye mbele na jua likimrudi mzee machoni kutoka mgongoni mwa mkamwana wake, hata akalazimika kutazama chini.

Uani, Evaline aliliweka dishi pale pale, mbele ya nyumba. "Mama alikuwa anakukoholea ndani," alisema, "na hili liko hapa, linang'aa."

"Ndiyo."

"Miezi minane."

"Ndiyo."

"Mimi usinikataze, baba. Ukinikataza narudi Gehandu, ufe na njaa."

Akonaay alichukua panga, akaenda shambani. Mahindi yalikuwa yamevunwa na mabua yamesimama makavu, ya kutosha kuzungushia kanisa. Akakata, akabeba, akakata tena. Akachimba mashimo ya nguzo kwa sururu, akafunga fito kwa kamba za katani, akapanga mabua akiyabana moja baada ya jingine. Watu wa njiani walipita. Wengine walikuwa wamekwishasikia, na waliosikia hawakumsalimia. Mmoja alitema mate. Akonaay alikaza kamba kwa meno.

Evaline hakumsaidia. Alikaa kizingitini akichambua maharage, na pumzi yake siku ile ilikuwa kimya.

Mzee alipofunga bua la mwisho alirudi nyuma kuangalia. Ua ulimfika kifuani. Kutoka njiani usingeona sufuria. Aliinua macho kutafuta jua, kujua muda uliopita. Lilikuwa bado juu, na dishi lilikuwa linawaka lote.

"Lete sufuria," alisema.

Evaline alileta. Akonaay alibaki amesimama pale, mikono imechanika, anatazama kazi aliyoimaliza kabla ya saa tisa.